Barua ya Mdogo Wangu Niliyoisafisha

Kama umepata kufanya kazi ya ukarani, utanielewa nikikuambia kwamba macho yangu hayawezi kupita juu ya neno lililoandikwa vibaya yakatulia. Nilifundishwa kazi kwenye mashine ya taipu, na hata leo barua ya mtu mwingine ikiwa na makosa, vidole huniwasha.

Mwaka 2018 mdogo wangu aliniletea barua pepe kutoka Sumbawanga. Alikuwa ametoka nyumbani kwetu Mwimbi, katika Wilaya ya Kalambo, ambako baba yetu, akiwa mgonjwa, alimtamkia jinsi alivyotaka mashamba yagawanywe. Barua ilijaa herufi kubwa, mistari imekatika katikati, nukta hakuna. Nami, kwa nia njema kabisa, nikaona niitengeneze kabla ya kuipiga chapa kwa ajili ya ndugu wengine.

Pengine hujui kwamba barua pepe uliyokwisha kuipokea yaweza kubadilishwa. Katika programu ya Outlook ya kompyuta ya mezani, ile ya zamani, unaifungua barua katika dirisha lake yenyewe, unakwenda penye vitendo, unachagua kuhariri ujumbe, na tangu hapo waweza kufuta, kuongeza, kukoleza maandishi na kupanga aya upendavyo. Ukihifadhi, jina la aliyeituma linabaki pale pale juu, na saa ni ile ile. Ukiitazama huoni kwamba mkono wa pili umepita. Karatasi ya taipu ilikuwa na haya zaidi, maana ukifuta lilibaki doa. Programu ya Thunderbird hukufungulia nakala mpya, kama barua yako mwenyewe, na ile ya asili hubaki ilivyo. Lakini mimi sikuitumia hiyo.

Basi nikasafisha. Neno “intumba” lilikuwa limepigiwa mstari mwekundu na kompyuta. Nikalifuta, nikaandika “matuta”.

Aibu yangu ni kwamba mimi ni Mfipa. Intumba si matuta. Ni vilima vidogo vya duara: mvua zikielekea mwisho, mkulima wa Ufipa hufukia nyasi chini ya udongo, akapanda maharage juu, nyasi zikaoza taratibu, msimu unaofuata huvitawanya vilima hivyo akapanda ulezi au mahindi. Hiyo ndiyo mbolea ya wazee wetu. Baba alisema dada yetu apewe upande wa intumba, yaani kule juu penye rutuba. Matuta yetu, yale marefu ya viazi, yako bondeni, ni machache, na maji hutuama.

Baba alifariki mwaka 2019. Katika kikao cha ukoo nilisimama na karatasi yangu iliyopangwa vizuri, nikasoma. Dada aliinamisha kichwa, asiseme neno. Baba mdogo ndiye aliyeuliza: “Mwanangu, hayo kaka yangu aliyasema kwa maneno hayo hayo?”

Nikajibu kwa haraka kwamba barua yenyewe imo katika kompyuta yangu. Ilikuwamo, naam, lakini niliyoihifadhi ilikuwa imekwisha kukaa juu ya ile ya kwanza. Bahati yetu ni kwamba kuhariri nakala yangu hakukugusa nakala ya aliyeituma. Mdogo wangu alitoa simu, akatafuta katika barua alizozituma, akasoma kwa sauti. Intumba ilikuwapo, kwa herufi kubwa.

Baadaye nilisoma Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Mahakama inapopima uzito wa ujumbe wa namna hii, huangalia jinsi ulivyotengenezwa na kutunzwa, na kama ukamilifu wake umehifadhiwa. Kwa barua yangu ningesema nini? Siku hizi naihifadhi kwanza barua ya asili katika faili la peke yake, ndipo naifanyia usafi nakala nyingine, na juu yake naandika kwamba nimeigusa.

Dada alipata shamba lake la juu. Tulipokuwa tukishuka njiani baada ya kikao, aliniuliza polepole:

“Kaka, na zile barua nilizokuandikia mimi, nazo ulizisafisha?”

Nilikuwa nimezisafisha zote.