Camagüey, mji uliokimbia bahari

Basi lilitushusha Camagüey alfajiri, baada ya zaidi ya kilomita 500 kutoka Havana. Mimi ni mtu wa pwani. Nikifika ugenini, pua hutafuta bahari kwanza. Hapa sikuipata. Mshangao ukazidi niliposikia kwamba makao makuu haya ya mkoa, katikati ya kisiwa cha Cuba, yalianzia ufukweni. Wahispania waliuanzisha mji mwaka 1514, wakauita Santa María del Puerto del Príncipe, na kufikia 1528 walikuwa wameuhamishia bara, kati ya mito Tínima na Hatibonico. Jina la Camagüey lilikuja 1903. Lakini kuikimbia bahari hakukuwaponya: mwaka 1668 haramia Henry Morgan aliwafuata huko huko bara, akawapora.

Kulipopambazuka nilitoka kutembea. Vichochoro vinapinda, vinagawanyika, vinakurudisha ulikotoka. Wenyeji husimulia kwamba vilijengwa hivyo makusudi ili maharamia wapotee. Wengine husema mji ulijikulia tu, kila mtaa ukizunguka kanisa lake. Nawaamini hawa wa pili, maana kila nilipopotea nilitokea mbele ya kanisa.

Kilichonifurahisha kuliko vyote nilikikuta uani mwa nyumba niliyofikia. Tinajón ni mtungi wa udongo wa kuchoma kama ule wa bibi zetu, ila huu unaweza kummeza mtu mzima. Tumbo limefukiwa nusu ardhini, mdomo umekaa chini ya mfereji wa paa. Jua lilikuwa kali, lakini nilipoushika shingoni nilikuta ubaridi. Maji yalikuwa ya taabu wakati wa kiangazi, ndiyo maana kila nyumba ilikinga mvua. Bibi mwenye nyumba alinichotea kikombe, akanionya: mgeni akinywa maji ya tinajón, haondoki tena Camagüey. Nikanywa yote.

Kesho yake niliingia bustani ya Ignacio Agramonte, shujaa wa mji huu aliyeuawa vitani mwaka 1873. Sanamu yake iko juu ya farasi, nayo ni nzuri, lakini macho yangu yaliganda kwenye michikichi ya kifalme. Mwaka 1851 Wahispania walimuua kwa risasi Joaquín de Agüero na wenzake watatu waliopigania uhuru. Wenyeji wakapanda michikichi minne kuwakumbuka, na watawala wakadhani ni mapambo. Ujasiri wa namna hiyo, wa kuomboleza hadharani pasipo adui kung'amua, ulinigusa sana.

Nyumba aliyozaliwa Carlos Finlay mwaka 1833 sikutaka kuipita. Huyu ndiye daktari aliyeieleza Havana mwaka 1881 kwamba homa ya manjano huenezwa na mbu. Alipuuzwa karibu miaka 20, mpaka madaktari wa jeshi la Marekani walipothibitisha. Sisi tunaodaiwa kadi ya chanjo ya homa hiyo mipakani na kwenye viwanja vya ndege tuna deni kwake.

UNESCO iliutia mji mkongwe huu katika urithi wa dunia mwaka 2008, ila watalii wengi bado huishia Havana na fukwe. Msomaji, ukijaliwa kufika Cuba, panda basi la mashariki uende Camagüey, ulale huko japo siku mbili.