Leseni ya Mkono na Leseni ya Kampuni: Nasaha kwa Mpwa Anayeingia Kazi ya Viyoyozi

Mraru, Voi

Mjomba anamtaka mpwa wake aliyemaliza mafunzo ya majokofu na viyoyozi azingatie kwamba kinachowaponza wengi katika kazi hii ni kudhani kuwa ipo karatasi moja iitwayo leseni, ambayo mtu akishaipata anaweza kupanda paa la yeyote. Sheria za Kenya zimeigawa kazi hii baina ya mkono wa fundi, kampuni, umeme na gesi, na kila upande una mlinzi wake.

Mkono hutangulia. Ustadi wa fundi, awe amejifunza chuoni au kwenye karakana za mitaani za jua kali, hupimwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, kwa mtihani wa ufundi wenye madaraja matatu, la 3 likiwa la mwanzo na la 1 la juu. Kampuni nayo husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambayo huwapanga wakandarasi, yaani wanaobeba kazi nzima kwa mkataba, kuanzia ngazi ya NCA8 hadi NCA1 isiyo na kikomo cha thamani ya kazi. Viyoyozi huhesabiwa katika huduma za mitambo, hivyo usajili wa kujenga nyumba haumpi mtu ruhusa ya kuvibeba. Zaidi ya hayo, mtaji peke yake hausajili kampuni, kwa kuwa angalau mkurugenzi mmoja sharti awe na ujuzi wa fani inayoombewa, na ngazi za juu hudai elimu kubwa zaidi. Ndiyo maana anayekimbilia kuandikisha kampuni kabla ya kupimwa mkono wake huanza safari kwa nyuma. Wenyeji wa Mraru, ambao wanawake wao walichanga fedha wakanunua basi lao katika miaka ya 1970, hawana haja ya kufafanuliwa sana jambo hili: basi la abiria lina leseni yake na dereva ana yake, na moja haijazi pengo la nyingine.

Kuvuta waya mpya wa kulisha kiyoyozi ni kazi ya mwenye cheti cha umeme kutoka EPRA, mamlaka inayosimamia nishati chini ya Sheria ya Nishati ya 2019, na asiyekuwa nacho amwite aliye nacho. Kibali cha biashara cha kaunti nacho huhitajika, ila hakina fumbo.

Gesi ndiyo inayostahili hofu. Kanuni za mazingira za mwaka 2007, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, zinahusu kemikali zinazoharibu ozoni, yaani tabaka la hewa ya juu linalozuia miale mikali ya jua, na miongoni mwake imo R-22 iliyojaa katika viyoyozi vya zamani, ambayo nchi zinazoendelea zinatakiwa kuiondoa kufikia mwaka 2030. Kilo moja yake ikiachiwa hewani hupasha dunia joto takriban mara 1,800 kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi. Marekani imemtaka kila anayegusa gesi hizo awe na cheti maalumu tangu Novemba 1994. Kwa Kenya, kwa maoni ya mjomba, sheria ina macho makali zaidi bandarini, gesi zinakoingilia, kuliko juu ya paa la hoteli ya Tsavo, ambako fundi akifungua vali hakuna anayemwona. Vilevile R-290, ambayo ni propani, haiharibu ozoni lakini huwaka, kwa hiyo kuijaza katika mtambo uliotengenezwa kwa R-22, eti kwa sababu unapoza vizuri, ni kumwachia mwenye nyumba moto ndani ya ukuta.

Kwa hiyo fedha ambazo mjomba aliahidi kwa ajili ya kibao cha kampuni zitalipia kwanza ada ya mtihani wa NITA, na zitakazobaki zitaanza kununua mashine ya kunyonya gesi ili isiachiwe hewani; kibao kitasubiri.