Volvo la Joginder na pikipiki yangu ya Singida

Nimekuwa kimya kidogo. Nilikuwa Iramba nikifuatilia habari za alizeti, na kama kawaida kilomita zilikuwa nyingi kuliko aya zilizotoka gazetini.

Leo tuongee magari. Mnaokesha na Formula 1 mnajua kwamba msimu wa 2025 ulikuwa na mashindano 24, na hakuna hata moja lililofanyika Afrika. Mara ya mwisho magari yale kushindana barani kwetu ilikuwa 1993, Kyalami, Afrika Kusini. Desemba 2024 Rais Kagame alitangaza kuwa Rwanda inaomba kuandaa Grand Prix. Wanaosubiri siwalaumu. Ila gari la namna ile tumbo lake liko sentimita chache tu kutoka chini. Lilete Singida, liache lami kidogo tu kuelekea kijijini, hapo hapo tutaanza kutafuta wa kulisukuma.

Afrika Mashariki tulikuwa na mashindano yetu. Yalianza 1953, mwaka aliotawazwa Malkia Elizabeth, yakaitwa Coronation Safari, kisha East African Safari. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye yakawa yanafanyika Pasaka, yaani masika yamekolea. Barabara hazikufungwa. Dereva akitoka kona anaweza kukutana na lori, ng'ombe au basi la abiria. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakamaliza 7 tena. Anayejua tope la mbuga ya Wembere enzi za kabla ya lami hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuna gari moja la mashindano hayo ambalo limenikaa kichwani wiki nzima: Volvo PV544 lililoshinda mwaka 1965. Nilisimuliwa habari zake na fundi anayenitengenezea pikipiki hapa mjini, mzee wa zaidi ya miaka sabini, kisha nikaenda kusoma mwenyewe. Gari lile halikuwa jipya. Mwaka 1964 lilikuwa mikononi mwa Tom Trana, dereva wa Volvo kutoka Sweden, na halikufika mwisho. Mwaka uliofuata akalichukua Joginder Singh, Kalasinga mzaliwa wa Kericho, fundi wa magari. Yeye na mdogo wake Jaswant wakaingia nalo likiwa na namba 1 mlangoni, wakashinda. Wenye viwanda walikuwepo na magari yao mapya.

Sasa pikipiki yangu. Niliinunua kwa mwandishi aliyekuwa hapa kabla yangu. Alikata tamaa, akarudi Dar, akaniachia pikipiki, kofia ngumu na namba za simu za madiwani. Mwezi uliopita ikaanza kutoa moshi na kunywa oili. Ringi zimeisha. Wiki hiyo hiyo nikapigiwa simu na ofisi moja ya Dar: kazi ya mawasiliano, mshahara mara mbili ya ninaopata, kiti cha kuzunguka na kiyoyozi. Nijibu ndani ya siku kumi.

Nikamweleza fundi, nikidhani atasema nenda ukale maisha. Akaendelea kusugua kabureta.

"Mzee, wewe ungefanyaje?"

"Mimi sijui kazi yenu, mwanangu. Ila hicho chombo alikiacha mwenzako kwa sababu hakukitengeneza. Kila akija, ananiambia nifunge funge tu apate kufika."

Ndipo akanisimulia habari za Volvo. Nikafurahi, nikaona nimepata jibu: nibaki, niwe Joginder wa Singida. Mzee akanikata.

"Usikurupuke. Yule baba yake alikuwa na gereji. Gari lilikuwa bovu, wakalifungua lote, wakalitengeneza. Bovu lisilotengenezwa halishindi kitu, hata ukiwa dereva namna gani."

Maneno hayo ndiyo yaliyoninyima usingizi. Hadithi ya mtu aliyeshinda na gari la mtumba ni tamu sana kwa mabosi. Inawapa ruhusa ya kusema: mbona yule aliweza? Sisi waandishi wa mikoani tunaisikia kila siku. Nenda Manyoni kwa nauli yako, nenda Itigi, tuma picha kwa bando lako, malipo yatakuja. Na tunaojituma ndio tunaofanya mpango mbovu uonekane unafanya kazi. Joginder mwenyewe alishinda tena 1974 na 1976, safari hizo kwa Mitsubishi Lancer. Mtu mwenye kipawa kile naye alihitaji chombo kizima.

Lakini upande wa pili nao upo. Nikiondoka, nani ataandika bei ya alizeti inaposhuka wakati mkulima ameshakopa? Dar ina waandishi mia kwa mkutano mmoja wa waziri. Huku kuna vijiji ambavyo mwandishi wa mwisho kuonekana ni yule aliyeniuzia pikipiki.

Basi juzi nimefanya hivi. Nimemwandikia mhariri wangu barua ya ukurasa mmoja. Sikuweka malalamiko, nimeweka orodha: ringi, pistoni, mnyororo, mafuta ya lita kadhaa kwa mwezi, malipo ya bando, na habari sita nitakazoleta iwapo hivyo vitapatikana, kila moja na kijiji chake. Nimemwambia wazi kuwa Dar wananihitaji na siku zimebaki nne.

Hajajibu bado. Pikipiki iko gereji, injini imefunguliwa yote, vyuma vimepangwa juu ya gunia, na mzee amekataa kuifunga mpaka nilete ringi mpya. Nyie mlioko mikoani, mngeongeza nini kwenye orodha ile?