Ukumbi wa Harusi ya Dada

Dada yangu alipokaribia kuolewa, kamati ya harusi ilinituma pamoja na mjomba kulipia ukumbi hapa Ng'ambo, Tabora. Tulimkuta mlinzi akilalamika kuwa hajalipwa mshahara kwa miezi mitatu. Hata hivyo, meneja alitaka shilingi 800,000 zote siku ileile, bila risiti. Nilimkumbuka jirani yetu muuza vitumbua aliyechangia 5,000 kwa shida. Nikanong'ona, "Mjomba, tutangulize robo tu, kwa maandishi." Meneja akakataa, nasi tukaondoka. Wiki mbili baadaye, ukumbi ulifungwa kwa sababu ya madeni. Dada aliolewa nyumbani, tukala pilau uani chini ya mwembe. Hakika, mali bila daftari hupotea bila habari.