Picha Tatu Kuwa Moja, Je, Ni Uongo?

Kuna ndugu ameniuliza: "Pasta, kijana wa kamera pale kanisani anachukua picha tatu anazifanya moja. Huo si udanganyifu?" Swali zuri, na sitalijibu mbio.

Ukikaa ndani ya nyumba yenye giza ukatazama mlangoni, jicho hujirekebisha. Unaona sufuria kwenye kona, unaona pia mahindi nje. Kamera haina neema hiyo. Ukiipa mwanga wa kutosha kuonyesha sufuria, nje panakuwa peupe kama karatasi. Ukiupunguza, mahindi yanarudi lakini nyumba inazama gizani.

Shida hii ni ya zamani. Miaka ya 1850, Mfaransa Gustave Le Gray alipiga picha za bahari kwa vioo vilivyopakwa dawa. Dawa ile ilishika buluu haraka mno, anga likaungua kabla bahari haijatokea. Akatumia negativu mbili, moja ya anga, moja ya maji, akaziunganisha pale upeo unapokutana. Lakini wakati mwingine alichukua mawingu yaleyale akayaweka juu ya bahari nyingine. Hapo mimi nasita.

Sasa, kijana wetu alifanya nini? Nyanya mmoja wa kanisa letu anahamia mjini kwa mwanawe. Aliomba picha akiwa kwenye kiti chake ndani, na shamba alilolima tangu aolewe lionekane mlangoni. Kijana akasimamisha kamera kwenye stendi, akamwambia, "Nyanya, usitikisike," akapiga tatu kwa mfuatano: moja ya giza, moja ya kati, moja ya mwanga mwingi. Kiti kilekile, dakika ileile. Kwenye kompyuta akatoa uso huku, shamba kule.

Mara ya kwanza alizidisha. Kila kitu kiling'aa sawa, hata masizi ya darini. (Vijana, hiyo programu ikiachwa ifanye kazi peke yake haijui kunyamaza.) Nyanya akaitazama kwa muda mrefu.

"Mjukuu wangu, hii si nyumba yangu. Hapo kwa jiko hapajawahi kuwa na mwanga. Nirudishie giza langu."

Akamrudishia. Picha iko kwa fundi wa fremu, na Nyanya anasafiri Ijumaa.