Alama za sensa
Wadau, hivi mwanafunzi wa uhandisi anayesoma somo la sensa (si ile ya kuhesabu watu, ni vile vifaa vya kupima joto, mwanga n.k.) apewe alama kwa lipi hasa?

Vyuo vyetu vingi hapa Tanzania, mtihani wa mwisho unabeba 60, kazi za muhula mzima 40. Chukua sensa ya joto LM35: inatoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja. Hilo unalikariri usiku mmoja. Lakini kuiunga, ikadanganya, ukahangaika nayo mpaka ikasema kweli, hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Mie naona maabara ipewe nusu. Jokofu la chanjo linatakiwa liwe kati ya nyuzi 2 na 8. Sensa ikikosea pale, mtoto anachomwa chanjo iliyoharibika. GPA ya mhandisi haitamsaidia.

Mnasemaje?