Wahusika Wanaosoma Tunachosoma

Miaka ya nyuma, riwaya za Kiingereza nilizozizoea zilipotaja kitabu kingine, mara nyingi kilikuwa Biblia, tamthilia ya Shakespeare au kazi nyingine iliyokwisha kuheshimika. Vitabu vilivyokuwa vikigombaniwa madukani wakati huohuo havikuonekana sana mikononi mwa wahusika. Leo vinaonekana. Katika The Magicians ya Lev Grossman (2009), wanafunzi wa chuo cha uchawi wanamjua Harry Potter na wanafanya utani juu yake. Katika Fangirl ya Rainbow Rowell (2013), Cath, msichana wa mwaka wa kwanza chuoni huko Nebraska, anajifungia kuandika visa vya Simon Snow, mchawi kijana anayefanana mno na Harry. Nayaunga mkono mabadiliko haya. Kijana aliyekua akisoma vitabu hivyo huvitumia kujieleza na kuwapima wenzake, na riwaya inayomficha msomaji jambo hilo inamchora kijana huyo nusu.

Wapo wanaosema rejea za namna hii huchuja upesi. Hofu hiyo hata Jane Austen alikuwa nayo. Mswada wa Northanger Abbey aliuuza mwaka 1803, mchapishaji akaukalia. Mwaka 1816 Austen akaandika maelezo ya kuwaomba wasomaji wakumbuke kwamba miaka 13 imepita, na vitabu navyo vimebadilika. Riwaya ilitoka mwishoni mwa 1817, mwenyewe ameshafariki. Ndani yake Catherine Morland, wa miaka 17, amezama katika The Mysteries of Udolpho ya Ann Radcliffe (1794), na rafiki yake Isabella anamtajia riwaya nyingine saba za kutisha. Hizo saba zilisahaulika kabisa, hata baadaye ikadhaniwa Austen alibuni majina yake, mpaka ilipothibitika kwamba zote zilikuwepo. Northanger Abbey bado inasomwa. Usiku wa dhoruba Catherine anapekua kabati, anakuta karatasi zilizoviringishwa, mshumaa unazimika, anatetemeka gizani. Asubuhi anaona ni orodha za nguo za kufuliwa. Asiyewahi kumgusa Radcliffe anaelewa vitabu vya aina gani vimemjaza binti huyu hofu.

Nakubali kwamba zipo rejea za uvivu, jina la kitabu likitajwa ili msomaji atabasamu tu. Hizo ukiziondoa hakuna kinachopungua. Lakini mwondoe Simon Snow, na Cath hana tena pa kukimbilia anapoogopa watu wa chuoni. Simon alikuwa na uzito kiasi kwamba mwaka 2015 Rowell alimwandikia riwaya yake mwenyewe, Carry On.